Zahanati Haina Dawa: Mwakilishi wa Wadi Anahusika Vipi?

Huku Lamu, zahanati ikiishiwa na dawa, simu ya kwanza haipigwi kwa afisi ya afya ya kaunti. Hupigiwa mheshimiwa wa wadi. Mama akishikwa na uchungu usiku huko Kizingitini na boti haina mafuta, atafutwe mheshimiwa. Nesi akihamishwa kutoka Kiunga na wa kushika nafasi yake asije, aulizwe mheshimiwa. Kijana aliyemaliza chuo cha uuguzi akikaa nyumbani bila kazi, mzazi wake humwendea mheshimiwa. Akishindwa, maneno barazani huwa yaleyale: tulimpigia kura ya nini?

Ni swali la haki na linastahili jibu kamili. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeshika majibu mawili yasiyo sahihi. Wapo wanaoamini mwakilishi wa wadi ndiye mkubwa wa zahanati, akitaka dawa zije zitakuja. Na wapo wanaoamini hana lolote afanyalo katika mambo ya afya isipokuwa kuchangia nauli ya mgonjwa na kuhudhuria maziko. Kwa kushika majibu hayo tunamdai mtu huyu mambo ambayo sheria imemkataza, huku tukimsamehe yale ambayo yeye na wenzake tu ndio wenye uwezo wa kuyafanya.

Tuanze na majina, kwa sababu vurugu nyingi zinatoka hapo.

Mwakilishi wa wadi ni mtu aliyechaguliwa na wapiga kura wa wadi moja kukaa katika bunge la kaunti. Wazee bado humwita diwani, jina lililobaki tangu enzi za mabaraza ya miji na ya wilaya, kabla ya serikali za kaunti kuanza 2013. Lamu ina wadi 10. Tatu ziko Lamu Mashariki: Faza, Kiunga na Basuba. Saba ziko Lamu Magharibi: Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Kwa hiyo waliochaguliwa kwa kura ni 10, kisha huongezwa walioteuliwa kupitia vyama ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili na makundi yaliyoachwa nyuma nayo yapate sauti.

Mbunge ni mtu mwingine. Mbunge wa Lamu Mashariki, mbunge wa Lamu Magharibi, mwakilishi wa kike na seneta hawa wote wanakaa Nairobi. Wanatunga sheria za nchi nzima, na seneta ana jukumu la kulinda kaunti na kufuatilia pesa zinazotoka serikali kuu kuja kaunti. Hakuna hata mmoja kati yao anayepitisha bajeti ya zahanati ya Faza.

Serikali ya kaunti yenyewe ina pande mbili. Upande mmoja ni wa watendaji: gavana, naibu wake, mawaziri wa kaunti (akiwemo wa afya), na maafisa walio chini yao hadi kwa nesi na mlinzi wa lango. Upande wa pili ni bunge la kaunti, ambako ndiko waliko wawakilishi wa wadi. Upande wa kwanza hufanya kazi. Upande wa pili hutunga sheria za kaunti, hupitisha pesa, na hukagua kama kazi iliyofanywa ndiyo iliyoagizwa.

Afya ni ya nani

Katiba ya 2010 iligawa kazi ya afya kati ya serikali mbili, na mgawo huo uko katika Jedwali la Nne. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, kama vile Kenyatta iliyo Nairobi na ile ya Moi iliyo Eldoret. Kaunti zikapewa karibu kila kitu ambacho mgonjwa wa kawaida hukutana nacho: zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na stoo zake za dawa, magari na boti za wagonjwa, na huduma ya afya ya msingi. Kaunti pia ndiyo inayotoa leseni kwa wauza vyakula, inayosimamia uzoaji wa taka na majaa, na makaburi. Maana yake ni kwamba taka zinazorundikana pembezoni mwa mji wa Lamu ni jambo la afya ya kaunti sawasawa na kidonda kinachofungwa zahanatini.

Kwa hiyo Hospitali ya King Fahd iliyo mjini Lamu ni ya kaunti. Hospitali za Faza na Mpeketoni ni za kaunti. Wizara ya Afya Nairobi haiajiri manesi wa hospitali hizo wala haipaki rangi kuta zake. Hata ile hospitali kubwa ya rufaa ya Pwani iliyo Mombasa, ambayo wengi hudhani ni ya serikali kuu kwa ukubwa wake na kwa umaarufu wake, iko chini ya Kaunti ya Mombasa. Mgonjwa wetu akipelekwa huko au akiachwa Malindi, ambako ni Kaunti ya Kilifi, ameingia katika kaunti nyingine, na mwakilishi wake wa wadi hana mamlaka yoyote juu ya watu watakaomhudumia. Anachoweza kuuliza ni kilichotokea upande wa Lamu: kwa nini alilazimika kusafiri, na alisafirishwaje.

Liko jambo moja linalochanganya zaidi, nalo ni usalama. Ulinzi na polisi ni kazi ya serikali kuu. Katika vijiji vya Waboni wadi ya Basuba, kama Mangai na Milimani, wakaazi waliona huduma za zahanati zikisimama usalama ulipoharibika. Hapo kazi ya kaunti imekwama kwa sababu ya jambo ambalo kaunti hailimiliki. Mwakilishi wa Basuba hawezi kuamuru askari. Anaweza kudai bungeni kwamba bajeti itenge pesa za kliniki zinazowafuata watu waliko, na anaweza kumtaka waziri wa afya aeleze mpango wake wa kuwafikia watu hao. Tukimlaumu kwa usalama, tutasahau kumdai hizo kliniki.

Mwiko hauko mikononi mwake

Fikiria ukoo unaojenga nyumba ya mawe. Fundi amepewa kazi, naye ndiye mwenye mwiko na chokaa. Ukoo hauwezi wote kusimama hapo kutwa, basi wanamtuma mtu wao mmoja. Mtu huyo hukubaliana na fundi ramani na gharama, pesa hazitoki bila idhini yake, na ukuta ukisimama yeye ndiye anayeukagua kama umenyooka. Sasa mtu huyo akivua kanzu akashika mwiko mwenyewe, ukuta ukapinda, ni nani atakayewaambia wenye nyumba ukweli?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema hivyo hivyo kwa lugha yake. Kifungu cha 9 kinamtaka mwakilishi wa wadi akae karibu na wapiga kura, achukue maoni yao ayapeleke bungeni, ahudhurie vikao vya bunge na kamati zake, na awe kiungo kati ya wananchi na bunge kuhusu huduma za umma. Kisha kifungu hichohicho kinamkataza, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, kuingilia kazi za watendaji au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti.

Ukisoma maneno hayo polepole unaona mengi tunayomdai mheshimiwa hayawezekani. Hawezi kumhamisha nesi. Hawezi kuagiza dawa. Hawezi kumpa mkandarasi kazi ya kujenga wodi ya kina mama. Anaruhusiwa kutembelea zahanati, na kamati ya afya ya bunge ina haki ya kufika na kuona hali ilivyo, lakini hana ruhusa ya kuingia chumba cha dawa akatoa amri, wala kudai faili ya mgonjwa.

Katazo hili si la kumpumzisha. Lipo ili aweze kuuliza. Mwakilishi ambaye zabuni ya zahanati imechukuliwa na nduguye hatasimama bungeni kuuliza kwa nini paa linavuja. Na aliyemwombea jirani yake kazi kwa afisa wa afya hatamkabili afisa huyohuyo kuhusu dawa zilizopotea.

Kwa nini basi tulizoea kinyume? Nadhani sababu kubwa ni historia. Kuanzia 2003, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge ulijenga zahanati nyingi nchini, na kwenye ukuta pakaandikwa jina la mfuko, na siku ya ufunguzi akasimama mwanasiasa. Kizazi kizima kilikua kikiona zahanati inatoka mkononi mwa mtu aliyechaguliwa. Ugatuzi ulipokuja, majengo hayo yakaenda kwa kaunti, lakini fikra ikabaki palepale. Tukahamisha tu matumaini kutoka kwa mbunge kuja kwa mwakilishi wa wadi. Wao nao waheshimiwa hawakusahihisha, kwa sababu kusema "mimi ndiye niliyeleta zahanati" kuna faida wakati wa kampeni. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeileta. Ni pesa ya umma.

Nguvu yake halisi iko kwenye bajeti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mgonjwa wa Siyu au Kipungani anaposhinda au kushindwa, miezi mingi kabla hajaugua.

Chukulia kaunti inataka kununua boti ya wagonjwa ya kuhudumia Faza na vijiji vya jirani. (Huu ni mfano wa kufikiria tu.) Pesa za kununua boti huandikwa katika upande wa matumizi ya maendeleo, pamoja na majengo na mashine. Lakini boti haiendi kwa kununuliwa. Inataka mafuta, nahodha, nesi wa kumsindikiza mgonjwa, na ukarabati wa injini, maana wakati wa kusi bahari ikichafuka injini mbovu ni hatari zaidi ya kukosa boti. Gharama hizo zote ziko upande wa pili wa kitabu, yaani matumizi ya kawaida. Bunge likipitisha ununuzi wa boti bila kuangalia kama mafuta na nahodha wametengewa pesa, siku ya uzinduzi itakuwa na shangwe na picha nzuri, kisha boti itafungwa jeti.

Ndivyo ilivyo kwa majengo. Zahanati mpya huonekana kwa macho, hukatwa utepe. Mshahara wa nesi hauonekani, haukatwi utepe. Kwa hiyo kila mwakilishi anavutwa na majengo, nasi wananchi tunamsukuma huko huko kwa kuuliza "umetujengea nini?" Mimi naona swali hilo ndilo limezaa majengo mengi yenye kufuli. Swali lenye maana zaidi ni: zahanati tuliyo nayo imetengewa nini mwaka huu cha kuiendesha?

Sheria nayo ina mipaka inayovutana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Afya ni kazi ya watu: bila nesi, tabibu, mtu wa maabara na mkunga hakuna huduma. Kwa hiyo idara ya afya ndiyo inayogonga ukuta wa mishahara kwanza, na kila kaunti inalazimika kuchagua. Je, wapunguzwe makarani wa afisi nyingine ili waajiriwe wakunga? Huo ni uamuzi wa kisiasa, na mahali pa kuupigania ni bunge la kaunti.

Kuna pia kalenda, na kutoijua kunatuumiza. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Wengi husikia habari za bajeti mwezi Juni na kukimbilia mkutanoni na orodha ya mahitaji. Wakati huo mlango umeshafungwa kiasi kikubwa. Kazi huanza mapema: kufikia 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima uwe mbele ya bunge. Kufikia 28 Februari huletwa waraka wa mikakati ya fedha, ambao ndio unaoamua idara ya afya itapata kiasi gani kwa jumla, na idara za maji, barabara na nyinginezo zitapata kiasi gani. Makadirio ya bajeti yenyewe huletwa kufikia 30 Aprili, na huidhinishwa kufikia 30 Juni.

Waraka wa Februari ndio wenye uzito. Baada ya bunge kuupitisha, mwakilishi akitaka kuongeza pesa za dawa lazima azitoe kwingine, na kwa kanuni za 2015 mabadiliko hayawezi kuzidi asilimia 1 ya kiwango kilichowekewa idara. Mheshimiwa anayeahidi mwezi Mei kwamba ataiongezea afya mamilioni ama hajasoma kanuni au anajua hatuzisomi. Anayetaka kuisaidia afya kweli hupigana Januari na Februari, wakati vikao havina kamera.

Halafu kuna bajeti ya ziada, ile inayoletwa katikati ya mwaka kurekebisha ya kwanza. Kwa njia hiyo pesa za dawa zilizopitishwa kwa mbwembwe mwezi Juni zinaweza kuhamishwa kwa kitu kingine bila kelele. Bunge ndilo linaloidhinisha. Mtu wenu aliinua mkono upande gani siku hiyo?

Lazima niseme na hili ili tusimwonee mtu. Pesa kuwa kwenye bajeti si kuwa mfukoni. Sehemu kubwa ya pesa za kaunti hutoka Hazina ya Kitaifa, na kila kaunti nchini imewahi kulalamika kwamba zimechelewa. Hata zikifika, hazitolewi bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Zikichelewa, bili za dawa kwa KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, nazo hukaa. Katika hali hiyo mwakilishi wa wadi anaweza kuwa amefanya kila kilicho chake na rafu za dawa bado zikawa tupu. Lakini atuonyeshe kwamba amefanya.

Kuuliza ni kazi

Silaha yake ya pili ni maswali, na sheria imempa makali kuliko tunavyodhani. Kwa mujibu wa Katiba, bunge la kaunti na kamati zake zinaweza kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au alete nyaraka, zikiwa na mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu katika jambo hilo. Waziri wa afya wa kaunti akiitwa na kamati ya afya aeleze dawa za robo mwaka zilikwenda wapi, haendi kwa hisani. Waziri akikutwa na makosa makubwa, thuluthi moja ya wajumbe wa bunge la kaunti wakiunga mkono hoja, huundwa kamati ya watu watano kumchunguza, na bunge likiamua aondoke gavana hana budi kumfuta.

Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti kuhusu kila kaunti, na bunge linatakiwa kuijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu. Ndani ya ripoti kama hizo ndimo huonekana mradi uliolipwa na haukuisha, au mashine iliyonunuliwa na haijafunguliwa. Kusoma kurasa hizo ni kazi ngumu isiyo na makofi. Mwakilishi anayezisoma anaisaidia wadi yake zaidi ya yule anayelipa nauli za wagonjwa watano kwa mwezi, japo huyo wa pili ndiye atakayesifiwa msikitini na kanisani.

Sisemi wema wa mfukoni ni mbaya. Mtu akimsaidia jirani yake mgonjwa, Mungu amlipe. Ila huo ni wema wa mtu binafsi, na tusiuhesabu kama huduma ya afya. Anayepata nauli leo ni mwenye namba ya simu ya mheshimiwa. Asiye nayo, kule Kiangwe au Mkunumbi, anabaki na ugonjwa wake.

Na ajira? Hapa niseme kwa ufupi. Wafanyakazi wa afya wa kaunti huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Nafasi hutangazwa, watu huomba, huhojiwa. Mwakilishi anaweza kuuliza bungeni kama wadi za mbali zimepata watu, na kama tangazo liliwafikia vijana wa visiwani. Barua ya mheshimiwa ya "mfikirie huyu" haina nafasi yoyote katika sheria, na anayeitoa anamnyima haki kijana mwingine asiyejulikana.

Ni vyema pia kuwakumbuka wahudumu wa afya wa kijamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wa vifaa. Mpango uliozinduliwa 2023 ulikuwa posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi igawanywe nusu kwa nusu, serikali kuu itoe 2,500 na kaunti 2,500. Hiyo nusu ya kaunti hupita katika bajeti inayoidhinishwa na wawakilishi wa wadi. Mhudumu wa kijijini kwenu akisema hajalipwa, kuna watu wawili wa kuulizwa, na mmoja wao anakaa wadi yenu.

SHA haikuiondoa kaunti

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ianze kazi 1 Oktoba 2024 mahali pa NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, kumezuka fikra mpya kwamba sasa afya imerudi Nairobi na kaunti haina lake. Si kweli. SHA ni mlipaji. Hukusanya michango, asilimia 2.75 ya mshahara kwa walioajiriwa na kiasi kinachokadiriwa kwa kaya kwa wasioajiriwa, kisha hulipa vituo kwa huduma vilivyotoa. Haijengi zahanati, haiajiri nesi, hainunui boti. Hayo yamebaki kwa kaunti, na kwa hiyo yamebaki chini ya macho ya bunge la kaunti.

Tena kazi ya ukaguzi imeongezeka. Huduma ya msingi katika zahanati na vituo vya afya inatakiwa kulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, mgonjwa asitozwe. Zahanati ikiwatoza watu, au ikiwa haijalipwa kwa huduma ilizotoa, mwakilishi anapaswa kujua na kuuliza. Na sheria nyingine ya 2023, kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya, imeagiza pesa zinazokusanywa na kituo zibaki zikitumika kwa kituo, badala ya kuingizwa katika kapu kubwa la kaunti zikapotelea huko. Mwakilishi anayeijua sheria hii ana swali rahisi la kumuuliza waziri: King Fahd ilikusanya nini robo hii, na nini kilibaki hospitalini?

Wapo pia wanaoamini kwamba asiyejisajili SHA hawezi kupokelewa hata akiletwa hoi. Katiba, katika kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Akifukuzwa langoni katika hali hiyo, andika tarehe na saa, na jina la kituo. Mwakilishi hawezi kuuliza swali zito bungeni kwa kutumia "nilisikia".

Mlango ulio wazi kwako

Vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake kwa kawaida ni vya wazi, na Katiba inalitaka bunge liwashirikishe wananchi. Mkutano wa bajeti ukifanywa Mokowe au mjini Lamu, mtu wa Ndau na wa Kiunga yuko mbali, na nauli ya boti si ndogo. Kudai mkutano uwafuate watu waliko ni dai halali la kumpa mwakilishi wako, na ni jambo analoweza kulipigania kwa sababu liko ndani ya kazi yake kabisa.

Ukikutana naye, mwulize mambo ambayo hawezi kuyakwepa. Zahanati yetu imetengewa kiasi gani cha dawa mwaka huu, na kiasi gani kimefika? Je, unakaa katika kamati ya afya, na kama hukai, ni nani anayetusemea humo? Waraka wa Februari ulipopita, afya ilipanda au ilishuka? Asiyejua leo aende akatafute, arudi na jibu.

Na kama mwakilishi hasikii, sheria haikuacha mambo yote mikononi mwake. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Huhitaji wakili. Huandikwa kwa lugha ya heshima, likieleza tatizo, hatua zilizokwisha kuchukuliwa, majibu yaliyopatikana, na kile mnachotaka bunge lifanye, pamoja na majina, anwani na sahihi za waombaji. Linaweza kupelekwa kwa karani wa bunge, au likawasilishwa na mwakilishi yeyote kwa niaba yenu, hata kama si wa wadi yenu.